Pointi za ndege ni mali ya nani?

Juma lililopita nilikuwa nimeketi kivulini katika uwanja wa ndege wa Lodwar, nikimngoja mgeni aliyekuwa akitoka Nairobi. Jua la Lodwar halihitaji maelezo. Aliyewahi kushuka kwenye ndege pale saa saba mchana anajua kwamba mtu hutafuta kivuli kabla ya kutafuta mzigo wake. Kando yangu aliketi kijana mmoja niliyemfundisha zamani, ambaye sasa ameajiriwa na shirika moja la misaada kule Kakuma. Furaha yake haikufichika.

"Mwalimu," akaniambia, "mwezi ujao naenda Bangkok pamoja na mke wangu. Tiketi zote mbili ni bure."

Nilimpongeza, kisha nikamwuliza ni nani aliyemfanyia hisani kubwa kiasi hicho. Akatoa simu, akanionyesha hesabu. Kwa miaka minne mwajiri wake amempeleka Geneva, Amman, Manila na kwingineko kuhudhuria mikutano, na kila safari imemwachia maili katika akaunti yake ya abiria wa mara kwa mara. Isitoshe, wageni wa warsha wanapofika Kakuma, yeye hulipa malazi na magari kwa kadi yake ya mkopo, halafu mwajiri humrudishia fedha. Kadi nayo humpa pointi kwa malipo hayo yote, ingawa fedha zenyewe hazikuwa zake. "Kila mtu hufanya hivyo, Mwalimu," akasema, bila hila yoyote.

Sina ugomvi na kijana huyo. Ni mchapa kazi, na hakuvunja kanuni yoyote ninayoijua. Walakini neno lile "bure" halikunitoka akilini njia nzima ya kurudi mjini, kwa maana hakuna ndege inayovuka Bahari Hindi kwa bure. Kuna aliyelipa. Swali ni nani.

Msomaji ambaye hajawahi kumiliki kadi ya mkopo asidhani kwamba jambo hili ni geni kwake. Pointi za Bonga, ambazo Safaricom ilianza kuwapa wateja wake mwaka 2007, ni ndugu wa pointi hizi. Mwaka 2022, kampuni hiyo ilipotangaza kwamba pointi zilizokaa zaidi ya miaka 3 zingefutwa, malalamiko yalizagaa nchi nzima hata hatua ile ikasitishwa. Wananchi walikuwa wamekwisha kutambua kwamba pointi ni mali. Mashirika ya ndege yalilitambua hilo mapema zaidi: American Airlines ilianzisha mpango wake wa maili mwaka 1981, Lufthansa ikafuata mwaka 1993, na Kenya Airways, ambayo zamani ilishirikiana na Air France na KLM katika mpango wa Flying Blue, sasa inao wake uitwao Asante Rewards.

Kadi za mkopo ziliingia katika biashara hiyo kwa njia ambayo wengi hawaioni. Kadi inapopitishwa kwenye mashine, mwenye duka au hoteli hukatwa asilimia fulani ya malipo. Sehemu ya makato hayo huifikia benki iliyotoa kadi, na benki hutumia fedha hizo kununua pointi kutoka kwa shirika la ndege ili iwatunuku wateja wake. Mwenye duka naye si mjinga. Huyaingiza makato hayo katika bei. Kwa hiyo mama anayenunua kilo ya sukari kwa noti katika duka linalopokea kadi amechangia, pasipo kujua, safari ya mwenye kadi aliyesimama nyuma yake.

Sasa nichukue mfano wa mama mmoja jirani yangu hapa Lodwar. Mwanawe aliugua figo. Baada ya kuhangaika kwa muda mrefu, madaktari walimshauri ampeleke katika hospitali moja huko Chennai, India. Tulichanga. Walimu walichanga, kanisa likachanga, wenye mbuzi wakauza mbuzi, na kila jioni tulihesabu fedha zilizoingia kwa M-Pesa. Wakala wa tiketi mjini Nairobi alitaka fedha taslimu kwa tiketi mbili za kwenda na kurudi, nasi tukazipeleka zote, hadi shilingi ya mwisho. Mama na mwanawe walipanda basi la usiku kupitia Kitale, wakalala kwa jamaa Nairobi, wakaruka kwenda India kupitia Ghuba. Nauli ile ndiyo iliyotushinda kwa majuma kadhaa, si gharama ya daktari.

Katika muda uo huo, juu ya vichwa vyetu, ndege zilikuwa zikiwachukua watumishi wa umma na wafanyakazi wa misaada kutoka mkoa huu wa zamani wa mifugo kwenda kwenye semina za ng'ambo, na pointi za safari hizo zikiongezeka katika akaunti za watu binafsi. Hali hii ilizidi baada ya Machi 2012, mafuta yalipogunduliwa katika kisima cha Ngamia 1, na zaidi baada ya serikali za kaunti kuanza kazi mwaka 2013. Taarifa za Msimamizi wa Bajeti zimetuonyesha mara kwa mara jinsi safari za ndani na za nje zinavyokula fedha za kaunti zetu. Mnamo Julai 2024, baada ya maandamano ya vijana, Rais alisimamisha safari zisizo za lazima za watumishi wa umma. Lilikuwa jambo jema. Lakini hata wakati huo sikumsikia mtu akiuliza habari za pointi zilizokwisha kuchumwa.

Wenzetu wa Ujerumani waliliuliza swali hilo mwaka 2002. Ilipofichuka kwamba baadhi ya wabunge walitumia kwa safari zao za binafsi maili walizozipata katika safari za kikazi, nchi ilitikisika. Gregor Gysi, aliyekuwa waziri wa uchumi katika serikali ya jiji la Berlin, alijiuzulu. Cem Özdemir naye aliacha wadhifa wake katika chama chake, ingawa yeye alikuwa na tatizo la mkopo pia. Wamarekani walikwenda upande wa pili. Hadi mwaka 2001 maili za mtumishi wa serikali kuu zilikuwa mali ya serikali. Mwishoni mwa mwaka huo sheria ikabadilishwa, naye akaruhusiwa kuzitumia apendavyo. Hoja yao ilikuwa kwamba kuzisimamia kulikuwa na usumbufu mkubwa, na kwamba wafanyakazi wa makampuni ya binafsi walikuwa wakizifaidi.

Je, sisi tufuate njia ipi? Kwa maoni yangu Katiba yetu ya mwaka 2010 imekwisha kutuelekeza. Kifungu cha 76 chasema kwamba zawadi anayopewa afisa wa serikali katika shughuli ya umma au ya kikazi ni zawadi kwa Jamhuri, na sharti ikabidhiwe serikali isipokuwa sheria ya Bunge imeruhusu vingine. Najua mwanasheria atanijibu kwamba pointi ni makubaliano baina ya abiria na shirika la ndege, wala si zawadi. Na ajibu. Mimi namwuliza: kama umma usingelipia tiketi ya kwenda Singapore, makubaliano hayo yangezaa nini?

Najua pia hoja ya wasafiri wenyewe. Mtu huacha jamaa zake, hukesha kitini usiku kucha, hufika akiwa hoi na kuingia mkutanoni asubuhi hiyo hiyo; vipimaili vichache vyamdhuru nani? Hoja hii ina uzito, nami siibezi. Lakini kwa ajili ya usumbufu huo amekwisha kulipwa posho.

Nami si malaika. Miaka kadhaa iliyopita nilipelekwa Delhi kwa semina ya walimu, gharama zote zikalipwa na wafadhili. Nilijiandikisha katika mpango wa shirika lile la ndege nikiwa kwenye foleni, nikapata pointi zangu, nikazisahau mpaka muda wake ukapita. Hazikunifaa mimi wala mtu mwingine. Nikikumbuka jinsi tulivyohangaika kutafuta nauli ya Chennai, naona haya.

Kule Kakuma, yapata kilomita 120 kutoka hapa, jambo hili lina uchungu wa namna yake. Kambi ile ilianzishwa mwaka 1992, na warsha nyingi zinazozaa pointi hizi huitishwa kwa jina la mkimbizi. Mkimbizi mwenyewe hawezi kutoka kambini kwenda Nairobi bila kibali. Tena, kabla ya Marekani kusimamisha mpango wake wa kuwapokea wakimbizi Januari 2025, aliyebahatika kuchaguliwa kwenda huko alitia saini hati ya deni, akiahidi kuirudisha nauli yake ya ndege kidogo kidogo baada ya kufika. Deni lile halikuwa na riba, lakini lilikuwa deni. Hivi ndivyo ilivyokuwa: aliyekwenda kumzungumzia mkimbizi alirudi na akiba, naye mkimbizi aliondoka na deni.

Wala asiniambie mtu kwamba pointi hazihamishiki. Mipango mingi humruhusu mwanachama kumchukulia mtu mwingine tiketi kwa pointi zake. Nchini Marekani liko shirika la Miles4Migrants, lililoanzishwa mwaka 2016, ambalo hupokea maili kutoka kwa wasafiri wa kawaida na kuzigeuza kuwa tiketi za wakimbizi wanaokwenda kuungana na jamaa zao. Kweli, tiketi ya pointi bado hutozwa kodi na ada, na mashirika ya ndege yaweza kupandisha kiwango cha pointi kinachotakiwa wakati wowote yapendapo. Lakini kuchanga kodi na ada ni mzigo mwepesi kuliko kuchanga nauli nzima.

Kwa hiyo nalitaka Bunge la Kaunti ya Turkana lianze na jambo dogo. Afisa arudipo safarini na kutoa hesabu ya masurufu, aandike pia pointi alizozipata na kadi aliyoitumia kulipia. Pointi hizo zitumike kwanza kwa safari inayofuata ya kikazi, na zinazobaki ziwatafutie tiketi wagonjwa ambao hospitali yetu ya rufaa imethibitisha kwamba matibabu yao hayapatikani nchini. Mashirika mengine ya ndege yana mipango ya makampuni na taasisi ambayo humpa pointi mwenye kulipa; kaunti iulize habari zake kabla ya kununua tiketi nyingine. Mashirika ya misaada ya Kakuma hayahitaji kungoja sheria. Mkurugenzi mmoja mwenye nia aweza kuandika waraka wa ukurasa mmoja leo hii.

Yule kijana wangu nilimweleza mawazo haya kwa simu. Alinyamaza kidogo, kisha akasema kwamba tiketi za Bangkok zimekwisha kukatwa, ila atalifikiria jambo hilo kwa safari zijazo. Sikumshurutisha.

Jumamosi nilimtembelea mama jirani yangu. Mwanawe anaendelea vyema, ingawa itabidi warudi Chennai kuangaliwa tena. Nilimwuliza kama walijiandikisha katika mpango wa pointi walipokuwa wakisafiri. Hakujua ninasema nini; wakala hakuwaambia kwamba kujiandikisha hakulipiwi, wala sisi tuliochanga hatukukumbuka. Akaingia ndani, akarudi na vipande vya kupandia ndege, vyote vinane, alivyovihifadhi ndani ya Biblia. Mashirika mengi hukubali madai ya pointi kwa miezi kadhaa baada ya safari, na wao wana miezi mitatu tangu warudi. Tulikwenda pamoja hadi kwa mwenye kompyuta karibu na soko, tukamsajili yeye na mwanawe, tukajaza madai, tukalipa shilingi 100 za kuchapisha nakala. Jibu bado halijaja.