MSITUAMBIE "KOMPYUTA IMEKATAA"

Ndugu wafanyakazi,

Siku hizi liko neno moja ambalo limekuwa ngao ya wakubwa. Mtu aliyevunjika mkono akienda ofisini kuuliza fidia yake huambiwa, "Kompyuta imekataa." Mwenye kuomba likizo yake ya haki huambiwa, "Fomu yako bado iko njiani." Aliyestaafu akiuliza malipo yake huambiwa arudi mwezi ujao, na mwezi ujao huambiwa hivyo hivyo. Hakuna mtu aliyekataa, hakuna mtu aliyekosa, hakuna wa kuulizwa. Ni kompyuta tu.

Mimi nasema neno hilo ni la uwongo. Kompyuta haikatai kitu. Inafuata njia iliyochorwa na watu, na kama njia hiyo haina mwisho, basi aliyeichora ndiye wa kujibu. Tena nasema kwamba kosa la namna hiyo laweza kujulikana kabla fomu ya kwanza haijajazwa, na elimu ya kulijua imekuwako duniani kwa muda mrefu. Tajiri analeta utaratibu mpya bila kuupima kwa sababu hakuna aliyemdai aupime. Basi tumdai sisi.

ELIMU YENYEWE SI NGUMU

Mwaka 1962, mwaka ule ule ambao hapa Kenya Serikali, waajiri na vyama vya wafanyakazi walitia sahihi mapatano ya namna ya kumaliza ugomvi kazini, Mjerumani mmoja aitwaye Carl Adam Petri alitoa maandiko yake ya shahada ya udaktari juu ya mawasiliano ya mitambo. Kutokana na kazi yake zikapatikana nyavu zinazoitwa nyavu za Petri.

Wavu wenyewe huchorwa kwa maduara, masanduku na mishale. Duara ni mahali pa kungojea. Sanduku ni tendo, kama kutia sahihi au kulipa. Ndani ya maduara huwekwa kete, kama kete za bao. Sheria ni moja: tendo haliwezi kufanyika mpaka kila duara lenye mshale wa kuliendea liwe na kete. Likifanyika, huondoa kete moja katika kila duara la nyuma, na kutia kete moja katika kila duara la mbele. Basi.

Sisi watu wa reli hatuna haja ya kufundishwa sana jambo hili. Panapo njia moja tu, treni haiingii katika kipande cha njia mpaka dereva apate ruhusa ya kipande kile, na ruhusa hiyo haipewi treni mbili kwa wakati mmoja. Ruhusa hiyo ndiyo kete. Hakuna stesheni masta anayesema, "Tuziachie zote mbili, tuone itakavyokuwa." Lakini ofisini ndivyo wanavyofanya na karatasi zetu kila siku.

Katika miaka ya 1990 mwalimu mmoja wa Uholanzi, Wil van der Aalst, alizitumia nyavu hizi kupima taratibu za maofisi. Utaratibu uwe na mlango mmoja wa kuingilia na mlango mmoja wa kutokea, kisha uulizwe maswali matatu. La kwanza: popote kazi ilipofika, je, bado iko njia ya kuufikia mwisho? La pili: kete ikifika mwishoni, je, hakuna kete nyingine iliyobaki nyuma ikizurura? La tatu: je, kila sanduku laweza kufanya kazi walau katika safari moja, au yako mengine yaliyochorwa kwa urembo tu? Utaratibu unaoshindwa hata swali moja ni mbovu.

MAKOSA MATATU

Tazameni fomu ya mtu aliyeumia kazini. Tuseme imechorwa hivi: atapimwa na daktari wa kampuni AU na hospitali ya Serikali, palipo karibu. Hapo kete inakwenda njia moja tu. Lakini mbele, sanduku la karani wa fidia limechorwa lingoje kete mbili: cheti cha daktari wa kampuni NA cheti cha hospitali. Kete ya pili haitafika kamwe. Karani aweza kuwa mtu mwema, na mgonjwa aweza kurudi kila Jumatatu, fomu haitatoka. Na sheria ya fidia ya mwaka 2007 inampa mtu miezi 12 tangu siku ya ajali apeleke madai yake. Miezi haimngojei karani. Neno "au" mahali pamoja, neno "na" mahali pengine, na mtu aweza kukosa fidia ya mkono wake.

Kosa la pili ni kinyume cha hilo. Mtu ameshtakiwa kuwa alilala kazini. Utaratibu unapeleka karatasi mbili kwa wakati mmoja: moja kwa msimamizi aeleze shtaka, moja kwa mshtakiwa na mjumbe wa chama wajibu. Kete mbili zinatembea. Lakini sanduku la barua ya kuachishwa kazi limechorwa lifanye kazi likipata kete yo yote moja. Ya msimamizi inafika saa nne asubuhi, maana ofisi yake iko mlango wa pili. Barua inatoka, unga umemwagika. Jibu la mshtakiwa linafika kesho yake na kukuta faili imefungwa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 41, inasema mtu asiachishwe kwa utovu wa nidhamu kabla hajaelezwa sababu kwa lugha anayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzake au mjumbe wa chama, na kabla hajasikilizwa. Mchoro kama huu umevunja sheria hata kabla mtu hajasinzia.

Kosa la tatu ni la rufani. Sanduku limeandikwa RUFANI kwa herufi kubwa, na tajiri analionyesha kwa fahari. Ili lifanye kazi linataka mambo mawili: faili iwe bado wazi, na barua ya uamuzi iwe imetoka. Lakini barua haitoki mpaka faili ifungwe. Kete hizo mbili haziwezi kukutana daima. Rufani ya namna hiyo ni mlango uliochorwa ukutani kwa makaa.

Katika karatasi yenye masanduku sita, makosa haya yaonekana kwa macho. Lakini mambo 10 yakienda sambamba, kila moja likiwa limefanyika au halijafanyika, hutoa hali 1,024. Yakiwa 20, hali zinapita milioni moja. Hakuna karani awezaye kuzipitia zote kichwani. Hapo ndipo kompyuta inapopata kazi yake ya haki, na programu za kazi hiyo ziko. Mojawapo, iitwayo Woflan, ilitengenezwa katika chuo kikuu cha Eindhoven, Uholanzi.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wako watakaosema kwamba utaratibu wetu umetengenezwa na wataalamu, kwa hiyo hauna haja ya kupimwa. Mwaka 2006 wataalamu wa mambo haya walipima michoro 604 ya taratibu za kazi ambayo kampuni ya SAP ya Ujerumani iliitoa iwe kielelezo kwa wengine. Walikuta kwamba angalau 34 ilikuwa na kasoro. Kama kielelezo chenyewe kina kasoro, je, mchoro uliofanywa kwa haraka Ijumaa jioni utakuwaje?

Wako wa upande wetu watakaosema haya ni mambo ya wasomi, sisi tunataka mshahara. Ndugu zangu, fidia ni mshahara. Likizo ya ugonjwa ni mshahara. Malipo ya kustaafu ni mshahara wa miaka yote uliyofanya kazi. Mimi nimesoma shule ya misheni mpaka mwisho wa primari tu, na kusogeza kete katika maduara hakunishindi. Hata wewe hakutakushinda.

Lakini tusidanganyane. Wavu waweza kuwa mzima na bado ukawa wa dhuluma. Utaratibu wa kumfukuza mtu kwa dakika tano una mlango wa kuingilia na wa kutokea, wala hauachi kete nyuma. Utashinda maswali yote matatu. Tena wavu huonyesha kwamba njia iko, hauonyeshi kwamba karani hatailalia fomu. Kwa hiyo kipimo hiki hakichukui mahali pa kukaa mezani na tajiri. Kinamwondolea udhuru tu, ili tukikaa mezani tuzungumze na mtu, si na kompyuta.

TUNAYODAI

1. Utaratibu wo wote mpya wa likizo, ugonjwa, ajali, nidhamu au kustaafu usianze kabla mchoro wake haujaletwa kwa chama, katika lugha ambayo wanachama wanaielewa.

2. Mchoro upimwe kwa maswali matatu, na majibu yaandikwe na kutiwa sahihi. Ukibadilishwa hata sanduku moja, upimwe tena.

3. Kila sanduku liandikwe cheo cha mtu wa kulifanyia kazi, na siku zake zihesabiwe.

4. Fomu ikikwama kwa kosa la mchoro, ipokewe kwa mkono, na tarehe ya siku ile ndiyo ihesabiwe.

Wajumbe wa chama, msingoje mkutano mkuu. Chukueni fomu moja tu iliyokwama mahali penu, chukueni karatasi na punje za mahindi, mwifuate kutoka mlangoni. Mtaona duara ambapo punje inakaa na haiondoki. Liwekeni alama, mwende nalo kwa mkubwa, mkamwulize ni nani aliyelichora. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wenyewe sasa twajua pa kuutazama.

Umoja ni nguvu.

Ni mimi ndugu yenu,
Mfanyakazi wa Reli