Minnie ama Daisy? Mimi niko na Daisy

Wasee wa Bungoma na Kitale, leo tumalize hii mambo. Kati ya Minnie Mouse na Daisy Duck, ni nani dem wa maana kwa katuni za Disney?

Najua wengi mtasema Minnie. Mpole, ana subira, Mickey akiharibu anasamehewa haraka. Sawa. Lakini mnasahau vile alianza. Kwa filamu ya Plane Crazy ya 1928, Mickey alimbusu kwa lazima wakiwa kwa ndege, na Minnie akaruka nje! Huyo alikuwa na msimamo. Miaka ikaenda, wakamlainisha.

Daisy alikuja 1940 na hakulainika sana. Anapenda kuvaa poa, ana hasira, na Donald akileta mchezo anaambiwa usoni. Kwa komiki za Carl Barks, Donald akizembea Daisy anatoka na Gladstone, binamu ya Donald mwenye bahati zake. Hapo ndipo mnamwita kisirani.

Sasa niwaulize. Donald anapiga kelele, anavunja vitu, na sisi tunacheka: "Si unajua Donald." Daisy akiwaka mara moja, eti ni dem mgumu. Si hivyo ndivyo tunafanyia madem wa mtaa? Chali akiwaka, maisha imemlemea. Dem akiwaka, hakufunzwa na mamake.

Simchukii Minnie. Nasema tu upole si kunyamaza.

Wewe uko upande gani? Na usiniambie tu jina, leta sababu.