Jasho si risiti

Jamani wadau, mvua ya vuli imetunyeshea siku tatu mfululizo, kutoka Dar mpaka Lushoto kwa baiskeli, tukichangisha fedha za magodoro ya watoto yatima. Kuanzia Mombo kupitia Soni ni kama kilometa 30 za kona na kupanda tu. Lushoto yenyewe iko karibu meta 1,400 juu ya usawa wa bahari. Wengi tulishuka tukakokota. Hongera zimemiminika kweli kweli.

Mimi nina swali moja tu: magodoro mangapi? Gari la mizigo, fulana, chakula na malazi vinalipwa na nani? Kama vinatoka kwenye buku la mama ntilie aliyechangia, basi huyo mama kalipia matembezi yetu, siyo godoro la mtoto.

Maoni yangu: kila mwendesha baiskeli ajilipie gharama zake, na hesabu ya kilichoingia na kilichotoka itangazwe hadharani ndani ya wiki moja. Yule mama hakuuona mlima wala mvua, alituamini tu. Jasho letu si risiti.

Mnasemaje wadau?