Haki ya Wazee Wetu
Apitaye soko la Darajani, mjini Zanzibar, asubuhi, baina ya wauza samaki na wauza viungo, hukutana na wazee ambao umri wao wote waliutumia katika uchukuzi, uvuvi na biashara ndogo ndogo, kazi zisizo na malipo ya uzeeni. Na ni kwa ajili ya hao hasa kwamba Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar, mwezi wa Aprili 2016, ilianzisha Pensheni Jamii, ikampa kila Mzanzibari mkaazi aliyetimiza miaka 70 shilingi 20,000 kwa mwezi, kiasi kilichopandishwa baadaye hadi 50,000, pasina kumwuliza dini yake wala alikuwa mtumishi wa nani. Naliona jambo hili kuwa tukufu, kwani mpewa halazimiki kujidhalilisha ili astahiki. Zamani dhima ya kuwatunza wazee ilibebwa na jamaa na wakfu. Na ijapokuwa Katiba ya Muungano ya 1977 imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi, hapa kwetu Kamisheni ya Wakfu ni chombo cha Serikali, wala sioni taabu katika hilo, maana sadaka na haki ya raia hazigombani. Lakini fedha haimjulii hali mgonjwa, wala haimwiti mzee barazani kushauriwa juu ya posa. Hayo ni wajibu wetu sisi majirani. Basi, ewe msomaji, uliye na mzee mtaani kwako, msindikize siku ya malipo, kisha uketi naye mzungumze.