Bima ya mtoto wako: Bunge lina nguvu kiasi gani?

Wazazi wenye watoto wanaohitaji dawa kila mwezi huniuliza: wabunge huilalamikia bima na uhaba wa dawa kila mwaka kule Dodoma, mbona mambo hayabadiliki? Swali ni la haki. Ili kulijibu, lazima tujue Bunge linaweza nini na haliwezi nini.

Ibara ya 63 ya Katiba inalipa Bunge kazi ya kuisimamia na kuishauri Serikali. Wabunge huuliza maswali, hutunga sheria na hupitisha bajeti. Lakini Ibara ya 99 inazuia Bunge kushughulikia jambo la kuongeza kodi au matumizi ya Serikali mpaka pendekezo litoke kwa Rais na kuwasilishwa na waziri. Na Bunge likikataa bajeti, Ibara ya 90 inamruhusu Rais kulivunja. Kwa hiyo mbunge anaweza kudai fedha za dawa, ila hawezi kuziingiza mwenyewe kwenye kitabu cha bajeti.

Angalia mambo mawili yaliyotugusa wagonjwa moja kwa moja.

La kwanza ni Muswada wa Bima ya Afya kwa Wote. Ulisomwa mara ya kwanza Septemba 2022. Ulitarajiwa kupita upesi, lakini uliahirishwa zaidi ya mara moja, na hoja kubwa ikawa hii: nani atawalipia wasio na uwezo, na fedha zitoke wapi? Ulipitishwa Novemba 2023, sheria ikiwa na mfuko wa kuwagharamia wasiojiweza. Hapo Bunge na kamati yake vilikuwa na uzito, kwa sababu muswada hauwi sheria bila kupita mikononi mwao.

La pili ni Toto Afya Kadi. Mzazi alilipa Sh50,400 kwa mwaka, mtoto akatibiwa. Mwaka 2023 Mfuko wa Taifa wa Bima ya Afya (NHIF) ulisitisha usajili wa mtoto mmoja mmoja na kutaka watoto wasajiliwe kupitia shule. Sababu yake ilieleweka kihesabu: wengi walikuwa wakisajiliwa wakiwa tayari wagonjwa, na Mfuko ulilipa zaidi ya ulichokusanya. Lakini mtoto mwenye selimundu wa miaka miwili hana shule. Wabunge walihoji, wazazi walilalamika, uamuzi ukabaki. Haukuwa muswada, ulikuwa uamuzi wa kiutendaji, na hapo Bunge lina sauti tu, halina kura. Utaratibu wa kumsajili mtoto mmoja mmoja ulirejeshwa mapema 2025. Kwa mtoto mgonjwa, huo ni muda mrefu mno.

Hapa Ushirombo jambo hili lina uzito wa pekee. Mchimbaji mdogo, mama lishe au mkulima hana mwajiri wa kumkata bima kwenye mshahara. Akipata rufaa ya Bugando, analipa kwa alichouza wiki hiyo.

Tena, mbunge akiwa waziri, hali hubadilika. Mbunge wetu wa Bukombe, Doto Biteko, aliteuliwa Waziri wa Madini mwaka 2019, kisha akawa Naibu Waziri Mkuu kuanzia mwaka 2023 hadi 2025. Kwa miaka hiyo wilaya ilikuwa na mtu wa karibu na meza ya maamuzi. Lakini kipindi cha maswali bungeni waziri huketi upande wa kujibu, na anafungwa na msimamo wa Serikali nzima. Mbunge wenu akiwa waziri, swali lenu la wazi linahitaji mbunge mwingine, hata wa viti maalumu.

Basi ufanye nini?

Kwanza, jua mlango. Zahanati, kituo cha afya na hospitali ya wilaya viko chini ya halmashauri na TAMISEMI. Dawa zikikosekana hapo, anza na kamati ya afya ya kituo na diwani wako. Sera ya bima na hospitali za rufaa ni za Wizara ya Afya. Hizo ndizo za kumpelekea mbunge.

Pili, wahi. Bajeti hujadiliwa kati ya Aprili na Juni. Mpe mbunge hoja yako kabla ya Aprili, ikiwa na jina la kituo, dawa iliyokosekana na tarehe. "Huduma mbaya" hujibiwa na waziri kwa sentensi moja. Tarehe tatu za kukosa dawa ya kifafa hazijibiki hivyo.

Tatu, muswada wa afya ukifika kamatini, wadau hualikwa kutoa maoni. Vikundi vya wazazi navyo ni wadau. Andikeni.

Na kwa upande wako mzazi: mkatie mtoto bima akiwa mzima. Bima inayojaa wagonjwa peke yao haidumu, hata Bunge zima likiitetea.