Akiba Haiozi?

Wahenga walisema akiba haiozi. Walakini sisi wa Uvira tumeiona ikioza sandukuni. Mwaka 1979 serikali ya Zaire ilifuta noti za zaire 5 na 10, na watu walipewa siku chache tu za kuzibadilisha. Mwaka 1993 zaire 3,000,000 zilihesabiwa kuwa zaire mpya 1. Na mwaka 1998 zaire mpya 100,000 ziligeuka faranga 1 ya Kongo. Baba aliyewafichia wanawe noti aliwarithisha karatasi.

Je, fedha zote tuzitie katika nyumba? Aprili 2020 mto Mulongwe ulifurika, ukabomoa nyumba nyingi za mji wetu. Katika mtumbwi na nyavu? Navyo vyachakaa.

Basi neno letu ni hili: anayeweka akiba ya miaka mingi na aigawe. Sehemu iwe michikichi, ambayo huanza kuzaa baada ya miaka 3 au 4, kisha huzaa zaidi ya miaka 20. Sehemu iwe mbuzi. Fedha taslimu ziwe kiasi cha kutosha kwa ugonjwa na karo tu.

Kila mwaka mume na mke waketi wahesabu pamoja: kilichozidi mno kipunguzwe, kilichopungua kiongezwe. Wala wasikate mchikichi mchanga kwa sababu jirani amefaidi mwaka huu katika biashara nyingine. Na mume asimfiche mkewe kitu, kwani akifa leo, mali isiyojulikana itawafaa wageni kabla ya watoto.