Kabla ya Kuisifu Bisapu, Ulizeni Inavyopikwa

Katika nyumba nyingi za Senegali, mgeni hakaribishwi kwa maneno matupu. Huletewa bilauri ya bisapu, kinywaji baridi chenye wekundu uliokolea, ukali kama wa ndimu na harufu ya mnanaa. Kaskazini mwa Nijeria kinywaji hicho huitwa zobo, na humo hutiwa tangawizi, karafuu na viungo vingine vyenye ukali. Waghana hukiita sobolo. Wasudani na Wamisri hukiita karkade, nao hukinywa kikiwa moto au baridi. Mmea wenyewe ulivuka Bahari ya Atlantiki katika zama za biashara ya utumwa, na hadi leo Wajamaika hunywa kinywaji chake chenye tangawizi wakati wa Krismasi. Afrika Mashariki mmea huo huo hujulikana kama rozela au choya, na juisi yake imekwisha kuingia sokoni, majumbani na hata katika mazungumzo ya kliniki.

Katika mazungumzo hayo ndimo penye tatizo. Mgonjwa wa shinikizo la damu husikia kuwa rozela hushusha presha, akaanza kuruka vidonge vyake. Mjamzito aliyeambiwa kuwa damu yake ni pungufu huletewa chupa ya juisi nyekundu na jamaa zake, kwa imani kwamba chekundu huongeza chekundu. Kwa upande mwingine, wapo wahudumu wa afya ambao wakisikia habari hizo hukunja uso na kukataza kila kitu, bila kujua mgonjwa anakunywa nini hasa. Wanaosifu na wanaokataza wana kosa moja: hawaulizi kinywaji hicho kilitengenezwaje. Ilhali jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha kama bilauri ile ni burudani ya kawaida au ni hatari.

Sifa ya kushusha shinikizo la damu si uzushi. Mwaka 2010 ulichapishwa utafiti wa Marekani uliowahusisha watu wazima 65 ambao shinikizo lao lilikuwa limeanza kupanda na ambao hawakuwa wakitumia dawa za presha. Waliopewa vikombe vitatu vya chai ya rozela kila siku kwa wiki 6 walishuka kwa takriban milimita 7 za zebaki katika namba ya juu ya shinikizo, na wale wa kundi la kulinganisha wakashuka kwa zaidi kidogo ya milimita 1. Punguzo hilo lina maana kwa mtu mwenye 136. Kwa mwenye 180 halitoshi kabisa, na kumwachisha vidonge kwa ajili yake ni kumweka karibu na kiharusi. Tena chai ile ilikuwa nyepesi, takriban gramu moja na robo ya rozela kavu kwa kikombe. Bisapu ya nyumbani huwa nzito mara kadhaa, na juu ya hayo huwa na sukari.

Sukari ndiyo kiini cha jambo. Rozela ni kali mno kunywewa hivi hivi, na mkono wa mpishi huenda kwenye kopo la sukari bila kuhesabu. Mapishi mengi huweka kikombe kizima cha sukari, yaani gramu 200 au zaidi, katika lita 2 za maji. Lita 2 hutoa bilauri 8 za mililita 250, hivyo kila bilauri hubeba gramu 25. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unashauri sukari ya kuongezwa, pamoja na ile ya asali na juisi, isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku nzima, na kwamba kushuka chini ya asilimia 5 kuna faida zaidi. Kiwango hicho cha pili, kwa mtu mzima, ni kama gramu 25, sawa na vijiko 6 vya chai. Kwa hiyo bilauri moja ya bisapu ya karamu hufikisha kikomo hicho, na ya pili hukivuka. Mwenye kisukari anayefuturu kwa bilauri mbili katika mwezi wa Ramadhani, huku akiamini kwamba anakunywa dawa, anadanganywa na jina zuri la kinywaji.

Imani ya pili, ya kuongeza damu, ni ya hatari zaidi kwa sababu humfanya mgonjwa aridhike. Wekundu wa rozela hutokana na rangi za mimea ziitwazo anthosayanini. Wekundu wa damu hutokana na himoglobini, inayobeba madini ya chuma. Rangi hizi mbili hazina udugu wowote. Isitoshe, rozela ina polifenoli, kemikali za jamii ile ile iliyomo katika chai ya majani, ambazo nyingi hujulikana kuzuia ufyonzwaji wa chuma kinachotoka katika maharage, mboga na nafaka. Mjamzito mwenye upungufu wa damu anahitaji kupimwa, kutafutiwa chanzo kama vile malaria au minyoo, na kupewa vidonge vya chuma na foliki asidi. Akipewa juisi badala ya hayo, wiki zinapita na mimba inakua huku damu ikizidi kupungua. Atakayelipa gharama ya imani hiyo ni mama anayetokwa na damu wakati wa kujifungua akiwa hana akiba.

Kinywaji hiki pia hakikai kimya mbele ya dawa. Utafiti wa Sudani uliochapishwa mwaka 1994 ulionyesha kwamba karkade iliyonywewa pamoja na klorokwini ilipunguza kiasi cha dawa hiyo kilichofika katika damu. Klorokwini haitumiki tena kama zamani, lakini funzo limebaki: vidonge vimezwe kwa maji, na bisapu isubiri saa kadhaa.

Je, kinywaji kikatazwe basi? La hasha. Kukataza chakula cha ukarimu ni kumfundisha mgonjwa kuficha. Jambo lenye faida zaidi ni mhudumu wa afya kujua mapishi yake vizuri, kiasi cha kuweza kuyarekebisha pamoja na mgonjwa. Hapo ndipo viungo vya Afrika Magharibi vinapoonyesha thamani yake, kwa kuwa tangawizi, karafuu na mnanaa huupa ulimi kitu cha kufurahia hata sukari ikipungua.

Mapishi yafuatayo yanafuata mkondo wa zobo na bisapu, ila kwa kipimo cha kliniki. Sehemu inayotumika si petali, bali ni vile vifuniko vyekundu vinene vinavyobaki vikizunguka tumba la mbegu ua likishadondoka. Chukua gramu 50 zilizokauka, kiasi cha kikombe kimoja kilichojaa vizuri, uzisuuze haraka kwa maji baridi ili kuondoa mchanga na vumbi la kianikio. Chemsha lita 2 za maji pamoja na kipande cha tangawizi kilichopondwa, chenye ukubwa wa kidole gumba, na karafuu 5 au 6. Wanijeria huongeza maganda ya nanasi yaliyooshwa vyema na kimba, tunda kavu la msituni lenye ukali na harufu ya moshi. Asiye na kimba anaweza kutia punje chache za pilipili manga. Baada ya dakika 10 epua, tia rozela, funika, acha kwa dakika 20 hadi 30, kisha chuja kwa kitambaa safi. Tia mnanaa kikiwa bado na uvuguvugu, kama wafanyavyo Wasenegali.

Sukari ije mwisho, na ipimwe kwa kijiko: vijiko 8 vya chai kwa lita 2 zote, yaani kijiko kimoja kwa kila bilauri. Anayeona ni kali aongeze maji badala ya sukari. Familia iliyozoea utamu mwingi ishuke polepole, robo kwa robo, wiki baada ya wiki, na ulimi utafuata. Mwenye kisukari ajaribu bila sukari, na bilauri moja ndogo pamoja na chakula imtoshe.

Chombo nacho kina neno lake. Rozela ina tindikali kali, na tindikali hula alumini. Sufuria nyingi za jikoni kwetu ni za alumini. Maji na viungo vinaweza kuchemshwa humo, lakini rozela ilowekwe katika chungu, chombo cha kioo, bakuli la enameli au sufuria ya chuma kisichoshika kutu. Kinywaji kikae katika jokofu na kimalizwe ndani ya siku 3. Pasipo jokofu, kinywewe siku hiyo hiyo. Chupa za plastiki zilizookotwa na kujazwa tena, ambazo wachuuzi wengi huzitumia, haziwezi kusafishwa ipasavyo. Anayefungulisha povu au kusikia harufu ya chachu amwage. Na kwa ajili ya meno, mtu asinywe tone baada ya tone kutwa nzima. Anywe amalize, kisha asukutue kwa maji.

Kwa mhudumu wa afya, haya yote yanaweza kufupishwa kuwa maswali manne ya dakika moja: unakunywa kiasi gani, unatia sukari vijiko vingapi, unapikia chombo gani, na je, kuna dawa uliyoiacha kwa sababu yake? Swali la nne ndilo zito, na halipati jibu la kweli kwa mgonjwa aliyekwisha kuona uso umekunjwa katika yale matatu ya kwanza.

Kwa mgonjwa, neno ni fupi zaidi. Bisapu iliyopikwa kwa kipimo ni kinywaji kizuri kuliko soda, na inaweza kusaidia kidogo mahali ambapo dawa inafanya kazi kubwa. Haiongezi damu. Haichukui nafasi ya kidonge cha presha. Mjamzito asiitumie kama tiba, na amweleze mkunga wake anachokunywa. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa shinikizo la damu huzibwa kwa kipimo, dawa na mazoea mapya ya jikoni. Bilauri ya mgeni iendelee kuletwa mezani, ila aliyeitengeneza ajue ametia vijiko vingapi.